Koti la Bwana wa Sarakasi

Hotelini kwetu Ijumaa ni siku ya watu kula mpaka wajute. Kuanzia saa sita na nusu mchana familia huanza kuingia, akina baba kwa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi zikakubali, wageni wa Ulaya na kaptura zao, watoto wakitangulia mbio kwenye meza ya keki. Mimi, msimamizi wa wahudumu, husimama pembeni nikilishikilia tabasamu lisianguke. Kila mwezi meneja wa karamu huipa Ijumaa sura mpya, nasi huvalishwa kulingana na alichoota. Nimewahi kuvaa kofia ya haramia. Nimewahi kumwekea mtu supu mezani nikiwa na mabawa ya nyuki mgongoni, mimi mama wa watoto wanaonyoa ndevu. Mshahara ni mshahara, tuliambiana siku hiyo, tukayanyoosha mabawa yetu tukaendelea na kazi.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba mwezi unaokuja ni sarakasi, sikushtuka. Nilichoshangaa ni kwamba amechelewa. Doha nzima ilikuwa imeshamshangilia yule Mmarekani wa zamani mwenye sarakasi, mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Kofia yake ndefu nyeusi na koti lake jekundu vilikuwa kwenye madirisha ya maduka. Shule za kimataifa ziliigiza maisha yake. Mtoto akifikisha miaka sita, wazazi wanakodi hema la milia na mtu wa kupuliza moto. Yote haya yalitokana na filamu moja ya nyimbo ambamo yeye ni kijana mtanashati mwenye huruma, anayewakusanya watu waliotengwa kwa maumbile yao na kuwapa jukwaa waimbe.

Mimi habari zake nilikuwa nimezisoma kwenye simu, ndani ya basi la wafanyakazi kutoka mabweni yetu ya Al Wakrah, maana foleni ya asubuhi inampa mtu nafasi ya kusoma hata asivyovitaka. Huyo mtanashati alimchukua bibi kizee mtumwa, akamtangazia umri wa uongo, akamzungusha mji kwa mji watu wamtazame. Bibi alipokufa, aliuza tiketi watu waje kuona maiti yake ikipasuliwa. Alimchukua pia mtoto mdogo kabisa wa kimo kifupi, akamvika gwanda la jenerali, akamfundisha kuvuta sigara mbele ya watu. Na aliwahi kuonyesha nguva wa kushonwa, juu nyani, chini samaki.

“Mshono wake ulikuwaje?” rafiki yangu aliniuliza nilipomsomea hayo.

Rafiki yangu huyu ndiye fundi cherehani wa hoteli. Tulikuwa tumekaa kiti kimoja ndani ya basi, kama kila siku, na miguu yake haikufika sakafuni. Kimo chake kinaishia kiunoni mwangu. Ana miaka yangu, ana mtoto kama mimi, na ana mdomo mkali kunishinda, ila alizaliwa na mifupa iliyoamua mapema kwamba imetosha. Mimi natoka Taita, yeye Bungoma, na huku ugenini umbali huo si kitu. Tulipangiwa chumba kimoja Al Wakrah miaka minne iliyopita. Usiku wa kwanza aliniambia, “Sikia dada, taa iko juu sana, hiyo ni kazi yako. Vitu vyote vinavyoanguka chini ya kitanda ni kazi yangu.” Tumeishi kwa katiba hiyo hadi leo.

Kazini anakaa chini kabisa, kwenye chumba cha sare nyuma ya chumba cha dobi. Cherehani yake ameifungia kibao kwenye kanyagio, na meza ya kukatia ameikata miguu. Mabosi wakubwa wenye suti za bei hushuka mpaka pale wenyewe na kusimama wima huku yeye akizunguka na futi yake kupunguza suruali. Anapapenda pale. Mgeni hafiki, simu za watu hazifiki. Barabarani Doha watu humpiga picha bila kuomba, wengine wakijifanya wanajipiga wenyewe, naye huvuta mtandio na kuendelea na safari. Mimi ndiye hugombana. Nimewahi kumfuata kijana mmoja sokoni mpaka akaifuta picha mbele yangu, na rafiki yangu akaninunia siku mbili kwa sababu nimeongeza watazamaji.

Sasa nieleze desturi ya pale hotelini, la sivyo hutaelewa kwa nini mambo yalianzia kwangu. Kila taifa lina mdomo wake. Wafilipino wana mama wao, Wanepali wana kaka yao, na sisi Wakenya, pamoja na Waganda, mdomo wetu ni mimi. Bosi akiwa na neno linalowaka moto, mtu kunuka jasho, mtu kufiwa, mtu kukataliwa likizo, haliendi kwa mwenyewe. Linapitia kwa mdomo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, lakini jaribu kuivunja uone watu watakavyochanganyikiwa.

Meneja aliniita ofisini akiwa amefurahi. Ni kijana mpole, na lazima niseme kweli, hakuwa na ubaya moyoni. Angekuwa nao ningejua pa kuanzia. Alinionyesha kwenye simu picha ya zamani: yule mtoto wa kimo kifupi ndani ya gwanda la jenerali, mkono kiunoni, kando ya bwana wa sarakasi. Wenye kampuni ya burudani walikuwa wanaleta mcheza viinimacho wa kuvaa koti jekundu, alisema, wanayemkosa ni jenerali tu.

“Na sisi tunaye mtu wetu,” akasema. “Atapendeza sana. Watoto watamshika mkono, watapiga naye picha. Wewe ni dada yake, mwambie.”

Hasira zilinipanda mpaka nikahisi masikio yanawaka. Nikajibu, “Nitamwambia,” kwa sababu ndiyo kazi ya mdomo, nikashuka ngazi nikiongea peke yangu.

Nilimkuta ana pini midomoni, anakata kitambaa chekundu. Koti la bwana wa sarakasi lilikuwa limeshaagizwa kwake, bila shaka. Nani mwingine angelishona? Nilimweleza maneno yote kama nilivyoyapokea. Alizitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye kifuko cha mkononi.

“Gwanda lenyewe lina mshono wa pembeni ama wa nyuma?” akauliza.

“Wacha mchezo.”

“Nauliza tu.” Kisha akakaa chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne aliniambia habari ya hema.

Alikuwa na miaka tisa. Maonyesho ya kilimo yalikuwa yamekuja mjini kwao, na kati ya mahindi ya mashindano na ng'ombe wa maziwa palikuwa na hema la mtu mwenye kipaza sauti. Ndani mlikuwa na nyoka, mbuzi wa miguu mitano, na vitu ndani ya chupa. Mtu yule alimwona barabarani akiwa na baba yake, akamvuta baba pembeni, wakazungumza. Baba alirudi akamwambia atakaa mle ndani mchana mmoja tu, asiogope. Walimvika taji la karatasi, wakamweka kwenye kiti juu ya meza, wakamwonya asizungumze Kibukusu, kwa maana nje ubao ulisema yeye ni malkia kutoka Kongo. Watu waliingia kwa foleni. Mama mmoja alimfinya shavu kuona kama ni nyama.

“Baba yangu alikuwa mtu mzuri,” alisema. “Hiyo ndiyo inanisumbua. Angekuwa mbaya ningemchukia nikamaliza.”

Nilimwambia basi imekwisha, naenda juu sasa hivi kumwambia meneja hapana. Aliinua mkono.

“Na mtoto je?”

Hapo ndipo penye jambo zima. Binti yake ana miaka kumi na mmoja, anaishi na nyanya yake Bungoma, na mifupa yake imefanya uamuzi ule ule wa mifupa ya mama. Binti huyu aliipenda ile filamu kupita kiasi. Aliimba nyimbo zake akioga, akiosha vyombo, akichunga kuku, na kwenye simu alituimbia sisi tukiwa tumelala chali vitandani, tumechoka, na bado tukampigia makofi. Katika filamu ile aliwaona watu wa namna yake wametoka mbele, wamepambwa, wanaimba kwamba hawataona haya tena. Yule bwana wa sarakasi alikuwa rafiki yake. Alisema akimaliza shule atakwenda kumtafuta, na nyanya alipomwambia ameshakufa, alisema basi atatafuta watoto wake.

Mama yake hakuwahi kumwambia lolote kuhusu bibi kizee wa tiketi, wala kuhusu hema. Sasa alikuwa ameshatamka kwenye simu, kwa furaha ya kazi mpya, kwamba hoteli inafanya sarakasi na yeye ndiye anashona lile koti lenyewe. Mtoto alipiga yowe. Halafu akauliza, “Na wewe mama utakuwa nani?”

“Mimi ni fundi.”

“Fundi tu?”

“Mwambie ukweli,” nilimshauri rafiki yangu pale chini. “Mwambie huyo mtu alikuwa nani, na mwambie na hema. Ni msichana mkubwa huyo.”

Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. “Wewe dada ukiingia mahali, watu wanaona mtu ameingia. Huyo mtoto ana wimbo. Unataka nimnyang'anye halafu nimpe nini?”

Nilikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa, nikaondoka.

Kesho yake alifanya jambo ambalo hakuna mtu hufanya pale hotelini: aliupita mdomo. Alipanda mwenyewe hadi ofisi ya meneja, akakataa kiti, na akazungumza. Mimi niliitwa dakika chache baadaye kwa sababu meneja alidhani hakuelewa. Alikuwa ameelewa vizuri sana. Fundi alisema jenerali hatakuwa. Atakuwa bwana wa sarakasi mwenyewe. Ndiye atakayefungua karamu, ndiye atakayesema nani aingie na nani atoke, na fimbo itakuwa mkononi mwake. Kama ni lazima jenerali awepo, huyo mcheza viinimacho wao avae gwanda, atamshonea linalomfaa.

Meneja alikuna kichwa, akatutazama kwa zamu. Halafu akaanza kucheka, kicheko kizuri cha mtu aliyepewa kitu bora kuliko alichoomba. “Yalla,” akasema, yaani haya, twende. “Koti lipunguze.”

Sikufurahi. Nilimwambia rafiki yangu ndani ya basi kwamba kutazamwa ni kutazamwa, koti liwe la jenerali au la tajiri wake. Aliniambia anajua. Alisema anataka binti yake amwone mara moja amesimama mahali ambapo watu wanamsubiri aseme. Basi. Hema atamweleza siku nyingine, akiwa mkubwa, au hatamweleza kabisa.

Ijumaa yenyewe shule nyumbani zilikuwa zimefungwa, na mtoto alikuwa na simu ya nyanya tangu asubuhi. Sisi haturuhusiwi simu ukumbini. Niliiegemeza ya kwangu kwenye rundo la vitambaa vya mezani, kamera ikiangalia jukwaa, nikaipunguza sauti hadi mwisho. Uso wa binti ulijaa kwenye kioo. Alikuwa amesukwa nywele upya.

Muziki wa ile filamu ukaanza, pazia likafunguliwa, na rafiki yangu akatoka. Nimemfahamu akiwa na pini mdomoni na mtandio begani. Mtu huyu sikumfahamu. Koti lilimkaa kama ngozi. Hakupandishwa juu ya kitu chochote. Alitembea polepole mpaka katikati, akaigonga sakafu kwa fimbo mara moja, na familia zote zile zenye sahani zilizojaa kamba na mwanakondoo zikanyamaza. Akawakaribisha kwa Kiingereza, kwa Kiarabu alichojifunzia dobi, na mwishoni kwa Kiswahili, na Wakenya wote waliokuwa wamebeba trei wakaitikia kwa sauti ambayo meneja hakuitarajia. Alimwita jenerali. Yule mcheza viinimacho, pande la mtu, akaingia na vifungo vya dhahabu, akapiga saluti hadi magoti yakakaribia sakafu, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Akaamuru moto, moto ukapulizwa. Akaamuru njiwa, njiwa wakatoka. Nilitazama simu: binti alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikaona haya kwa ubishi wangu wote. Nilikuwa na furaha, nami siyo mtu wa kufurahi kazini.

Halafu ukafika wakati wa picha. Watoto walijipanga, naye akawapa mkono mmoja mmoja, vizuri tu. Baba mmoja akaja na kijana wake wa miaka kama saba, akawasimamisha bega kwa bega kuona nani amemzidi mwenzake. Wakacheka, naye akatabasamu. Kisha baba yule, kwa furaha, bila kuuliza, akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya rafiki yangu na kumnyanyua juu, ili sura zao zilingane kwenye picha. Kofia ikaanguka. Miguu yake ikabaki inaning'inia hewani ndani ya viatu alivyovipaka rangi mwenyewe. Muziki uliendelea. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Niliweka trei mahali, sijui wapi. Kabla sijafika, alikuwa ameshamwambia yule mtu, kwa sauti ya chini kabisa, “Niweke chini.” Alimwambia kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiarabu. Yule mtu akamweka, akaona aibu, akaanza kuomba radhi na kutoa pochi, jambo lililozidi kuharibu. Rafiki yangu aliokota kofia, akaivaa, akagonga fimbo, akamtangaza mpuliza moto kwa mara ya pili. Kisha akatoka kwa mlango wa jikoni bila haraka.

Nilikumbuka simu. Niliikimbilia nikiomba mtandao uwe umekatika. Haukukatika. Binti alikuwa palepale, ameondoa mikono mdomoni.

Nilimpelekea mama yake kwenye korido ya nyuma, kati ya matoroli ya sahani chafu. Alikuwa ameegemea ukuta. Aliponiona na simu mkononi, alielewa, akafunga macho kidogo, akajipa moyo, akaipokea. Nilimsikia anatafuta ile sauti yake ya kuchangamka.

“Umeona mama? Umeona moto?”

Mtoto hakujibu habari ya moto. Aliuliza taratibu, kama mtu anayehakikisha.

“Mama, kumbe na wewe huwa wanakubeba?”

Mpishi alipita na sufuria, akatuangalia, akapita haraka. Rafiki yangu aliteremka ukutani hadi akakaa sakafuni, na koti lake jekundu likamkunjamana kifuani.

“Nani huwa anakubeba?”

“Wasichana wa darasa la nane. Wakati wa mapumziko. Wananipitisha kwa huyu na huyu. Huwa nawaimbia ndio wanishushe.”

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile, na sitaki kuuona tena. Nililia pale pale, mimi na sare yangu, bila kujificha. Yeye hakulia. Aliivua kofia, akaiweka kando, akaisogeza simu karibu na uso wake mpaka mtoto asione kitu kingine isipokuwa mama.

Mlango ulifunguka. Meneja alichungulia, uso umejaa jasho na furaha. Ukumbi ulikuwa unamwita bwana wa sarakasi, alisema, keki iko tayari, watoto wanagonga meza. Nilimwambia bwana wa sarakasi amemaliza kazi. Alitaka kuniuliza, akanitazama machozi, akarudi ndani, na mimi nikauvuta mlango nikausimamia kwa mgongo asipite mtu.

“Sikiza mwanangu,” nilimsikia anaanza, kwa Kibukusu kwanza, kisha kwa Kiswahili. “Nilipokuwa na miaka tisa, baba yangu alinipeleka kwenye maonyesho, na huko palikuwa na hema.”